Anayefanyia kazi nyumbani aanze na saa ya kufunga

Mheshimiwa Mhariri,

Mashauri wanayopewa watu wanaofanyia kazi nyumbani huzunguka nidhamu: amka mapema, oga, vaa, kaa mezani, acha uvivu. Hatuyapingi, ila yanaelekezwa kwa mtu ambaye hana shida hiyo. Wahasibu, wafasiri, waandishi wa programu, walimu wa mtandaoni na wahudumu wa wateja wa kampuni za ng'ambo walioko Kampala, Wakiso, Mukono au Jinja hawashindwi kuanza kazi. Wanashindwa kuimaliza. Kompyuta inafunguliwa saa mbili asubuhi, na saa nne usiku ingali mezani kando ya sahani ya matoke iliyopoa. Tunapendekeza mpango wa siku uanzie mwisho: amua kwanza saa ya kufunga, kisha hesabu kurudi nyuma.

Tumchukue mtu anayefunga saa kumi na moja jioni. Nusu saa ya mwisho, tangu saa kumi na nusu, isiguswe na kazi mpya. Ni ya kuhifadhi mafaili, kutuma kilichoahidiwa, na kuandika kwenye karatasi mambo matatu ya kesho. La kwanza kati ya hayo liandikwe kwa undani: badala ya "ripoti", andika "jedwali la mauzo ya Aprili, kuanzia safu ya nne". Sababu ni kwamba kazi iliyoachwa bila alama ya mahali ilipoishia humrudia mtu kichwani wakati wa chakula, naye hurudi kompyutani "kuangalia kidogo tu", na hicho kidogo kinakula saa nzima. Kabla ya nusu saa hiyo, weka nusu saa ya kujibu ujumbe. Mkutano wa mwisho usianze baada ya saa tisa, kwa kuwa mkutano ulioitwa wa nusu saa mara nyingi huchukua saa nzima. Kazi nzito inayotaka akili iliyotulia ikae kati ya saa mbili na nusu na saa sita mchana, na chakula kipewe saa nzima kuanzia saa saba. Aliyeanza saa mbili asubuhi na kupumzika saa moja mchana atakuwa amefanya saa 8 kamili atakapofunga.

Mpango huu una faida ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Mstari wa ikweta umepita nchini mwetu, na jua la Kampala huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi, likazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache jioni, mwaka mzima. Anayefunga saa kumi na moja ana angalau saa moja na nusu ya mwanga kila siku, Januari hata Desemba. Huko London mwezi wa Desemba giza huingia kabla hata saa hiyo haijafika. Kuutumia mwanga huo ndani ya nyumba ni kuutupa. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Dakika 15 za kutembea kwa haraka kabla ya kuanza kazi na 15 baada ya kufunga, siku 5 kwa juma, zinafikisha 150. Matembezi hayo pia huchukua nafasi ya safari ya teksi au boda, safari ambayo, pamoja na foleni na vumbi lake, ilikuwa ikiuambia mwili kwamba kazi imekwisha. Mtu anayetoka kwenye kiti cha kazi hadi kwenye kochi, hatua nne, hana kinachomwambia hivyo.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo mipango mingi mizuri inapofia. Bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa Septemba 2024, na tangu Aprili 2025 usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya Serikali, baada ya mkataba wa kampuni binafsi iitwayo Umeme kufika mwisho. Hata hivyo, uwezo wa kuzalisha hauzuii nguzo iliyooza kuanguka wala transfoma iliyozidiwa kulipuka, na giza la mitaani kwetu hutoka zaidi huko. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na kurudi saa kumi jioni, mwenye kompyuta hujiambia kwamba amepumzika mchana, hivyo afanye kazi usiku. Lakini hakupumzika. Alikuwa akingoja, akichungulia taa ya jirani, akipigia simu mtu wa huduma kwa wateja. Siku imekwenda na jioni imekwenda.

Kinga yake ni hesabu ndogo. Kompyuta ya mkononi hula wati 50 hivi, ruta ya intaneti wati 10, na balbu ya LED wati 9. Jumla ni karibu wati 70. Betri ya kawaida ya asidi yenye volti 12 na uwezo wa saa-ampea 100 ina saa-wati 1,200, lakini isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo hufa mapema. Zinabaki 600, na inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo hupoteza sehemu yake, kwa hiyo tuseme 500. Ukigawa kwa 70 unapata saa 7, yaani siku karibu nzima ya kazi. Betri ya lithiamu ya ukubwa uleule huweza kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, hivyo hutoa karibu mara mbili. Kosa la kwanza tunaloliona ni watu kuchomeka friji au pasi kwenye inverta hiyohiyo. Pasi peke yake huvuta zaidi ya wati 1,000 na kulaza betri ndani ya nusu saa, kama haijaunguza inverta kwanza. La pili ni kusahau kwamba betri iliyotumika nusu, ikichajiwa kwa chaja ya ampea 10, hutaka saa 5 hadi 6. Umeme ukirudi saa mbili usiku, itajaa karibu na saa nane usiku. Ukikatika tena kabla ya hapo, kesho utaanza na upungufu.

Asiyeweza kununua betri kubwa anunue ya ruta peke yake. Ni kiboksi kidogo kinachokaa kati ya chaja na ruta, na chenye saa-wati 30 huiendesha ruta kwa saa mbili na nusu hadi tatu, huku kompyuta ikitumia betri yake ya ndani. Soma kwanza kibandiko chini ya ruta: ikiandikwa volti 9 na kiboksi kikatoa 12, ruta yaweza kuungua siku hiyohiyo. Na kwa anayetegemea kompyuta peke yake, awe na orodha ya kazi zisizohitaji mtandao, kama kuhariri faili lililokwisha pakuliwa, kukagua stakabadhi za karatasi, au kupiga simu za kawaida. Matengenezo yaliyopangwa hutangazwa mapema kwa maeneo, basi siku hiyo anza saa moja asubuhi kabla laini haijazimwa au hamia mahali penye jenereta. Saa ya kufunga ibaki palepale. Kazi iliyoshindikana kwa ajili ya umeme itafutiwe nafasi kwenye saa za kazi za kesho, na mteja aambiwe hivyo mapema, saa ileile umeme ulipokatika, wala si saa kumi na mbili jioni baada ya muda aliopewa kupita.

Bando nalo lina namna yake ya kumnyima mtu usingizi. Kifurushi cha saa 24 kikibaki na data nyingi, mwenye nacho huona hasara kulala, na vifurushi vya usiku vya bei nafuu humvuta akae macho hadi alfajiri kupakua mafaili. Anayejua hesabu ya mwezi hatakiwi kuingia mtego huo. Mkutano wa video wa kundi hula gigabaiti 1 au zaidi kwa saa. Kwa sauti tupu haufikii megabaiti 100. Saa moja ya video kila siku kwa siku 22 ni gigabaiti 22 na zaidi. Ya sauti ni karibu 2. Zima kamera baada ya salamu, nunua kifurushi cha mwezi, na ukumbuke kwamba tangu Julai 2021 bei ya data imebeba ushuru wa asilimia 12, ulioichukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Tungependa Serikali iuangalie upya ushuru huo, lakini hiyo ni barua nyingine.

Simu ya mkononi ndiyo mlango ambao kazi huingilia usiku. Tenga laini ya kazi na laini ya nyumbani. Simu nyingi hapa zina sehemu mbili za laini, na programu ya WhatsApp ya biashara hukaa simu moja na ile ya kawaida bila kugombana. Makundi ya kazi yanyamazishwe jioni, ila angalieni jinsi ya kunyamazisha. WhatsApp hukupa uchaguzi wa saa 8, juma moja, au daima. Anayechagua saa 8 wakati wa kufunga, saa kumi na moja jioni, ataanza kusikia milio tena saa saba usiku, hasa akiwa na wenzake walioko nchi za mbali. Chagua daima, halafu fungua makundi mwenyewe asubuhi. Bora zaidi ni kuipangia simu ratiba ya kutosumbua, tuseme saa kumi na moja jioni hadi saa moja na nusu asubuhi, na kuruhusu namba chache tu zipite: mwenzi, shule ya watoto, wazazi kijijini, na mtu mmoja wa kazini kwa dharura. Mmoja, si watano. Barua pepe iliyoandikwa usiku kwa sababu wazo limekujia ipangiwe kutoka saa mbili asubuhi. Ukiituma saa tano usiku umemfundisha mpokeaji kwamba saa hizo unapatikana, naye atazitumia.

Wenye wateja wa ng'ambo wana tatizo jingine, la saa zenyewe. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja wakati wa baridi. Ya London ni saa tano asubuhi au saa sita mchana. Ya California ni saa moja au saa mbili usiku. Ya Delhi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Marekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatubadili kamwe. Kwa hiyo kuna majuma mawili au matatu mwezi Machi, na moja hivi kati ya Oktoba na Novemba, ambapo mwenye wateja pande zote mbili huona mikutano yake ikigongana. Kalenda ya kompyuta iwekwe kwenye saa za Afrika Mashariki, na mwaliko wa mkutano utumwe kutoka kwenye kalenda hiyo badala ya kuandikwa kwa mkono ndani ya ujumbe.

Jambo la kukataa ni kufanya asubuhi yote kana kwamba mteja yuko Kampala, kisha jioni yote kana kwamba nawe uko New York. Mwenye mteja wa New York aanze saa tano asubuhi, apumzike saa moja, afunge saa mbili usiku. Hizo ni saa 8, na kati yake kuna saa 3 au 4 ambazo mteja naye yuko mezani, zinazotosha kabisa kwa mazungumzo. Muda wake binafsi sasa uko asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tano, na aulinde kama wengine wanavyolinda jioni: ndio wa soko, wa mazoezi, wa kanisa au msikiti, wa kupeleka watoto shule. Makosa hutokea pale watu wa nyumbani wanapouona uko bure kila asubuhi na kuujaza. Kwa California hatushauri zaidi ya jioni mbili kwa juma. Mazungumzo yanayobaki yafanyike kwa maandishi. Wateja wengi hukubali wakielezwa mapema, tena kwa saa maalum: "Napatikana kwa simu Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa tano asubuhi kwa saa zenu."

Tukija nyumbani kwenyewe, lazima tuseme wazi kwamba mtu akionekana yuko nyumbani huhesabiwa hana kazi. Atapokea fundi wa bomba, atalinda watoto wa jirani, ataitwa kwenye mkutano wa harusi saa tisa mchana kwa kuwa "wewe huna ofisi". Kugomba hakusaidii, na kumfukuza mgeni si desturi yetu. Kinachosaidia ni kuwapa watu saa mbadala kabla hawajaja. Wakubwa wapigiwe simu, wasitumiwe ujumbe: "Shangazi, njoo saa kumi na moja na nusu, utanikuta na chai tayari." Shangazi akija saa nne asubuhi bila taarifa, kukaribishwa ni kuketishwa, kupewa chai, kuulizwa habari za kijijini kwa dakika 15 bila kuangalia kompyuta, kisha kuombwa radhi hadi mchana. Dakika hizo 15 zikatwe kwenye saa ya chakula. Zisisogezwe baada ya saa kumi na moja, kwa kuwa kila kinachosogezwa huko hakirudi.

Kwa watoto, ishara inayoonekana inafanya kazi kuliko amri. Kipande cha kitenge kikitundikwa mlangoni maana yake mzazi yuko kwenye simu na asiitwe ila kwa damu au moto. Kikiondolewa, wanaweza kubisha. Kisitundikwe zaidi ya saa moja na nusu kwa mfululizo. Kikikaa kutwa nzima, watoto huacha kukiona, na wana haki. Mtoto wa chini ya miaka mitatu haelewi kitenge wala saa, na hapo hakuna ujanja: anahitaji mtu mzima mwingine. Kufanyia kazi nyumbani si njia ya kulea, na mwajiri anayempokea mama baada ya zile siku 60 za kazi za likizo ya uzazi akidhani atanyonyesha huku akijibu wateja anajidanganya. Mtoto mchanga kama huyo hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu. Mikutano ya mama huyo iwe ya nusu saa, na ipangwe mara tu baada ya kunyonyesha. Wakati wa likizo za shule, Mei, Agosti hadi Septemba, na Desemba hadi Januari, wazazi wawili wanaofanyia kazi nyumbani wagawane siku vipande vya saa mbili na nusu, mmoja akiwa kazini kamili na mwingine akiwa na watoto kamili. Wote wawili wakijaribu kufanya vyote kwa pamoja, jioni kazi zao zote mbili zitakuwa nusunusu. Na dada anayesaidia nyumbani asisahauliwe katika mahesabu haya. Mwajiri wake akiwa ndani kutwa, yeye huitwa kutwa. Naye anastahili saa ya kufunga.

Kazi za nyumbani zinafaa sana kwa mapumziko mafupi, kwa masharti: anza ile tu yenye mwisho wake yenyewe. Kuosha vyombo vya asubuhi, kuanua nguo, kumenya viazi vya watu wanne, kila moja huisha ndani ya dakika 10 hadi 20. Maharage kwenye sigiri hayana mwisho huo. Yanataka saa mbili au zaidi, yanataka kuongezwa maji na makaa, na yataungua katikati ya mkutano, hakika. Yaloweke usiku ili yaive upesi, uyabandike baada ya kufunga, au yapikwe mengi Jumapili.

Kuhusu mahali pa kazi tutasema machache. Anayeishi chumba kimoja, muzigo kama tunavyouita hapa, hawezi kuwa na ofisi, lakini anaweza kuwa na ofisi inayotoweka: meza ya kukunja, kiti kinachotazama ukuta, na mfuko mmoja ambamo kompyuta, chaja na daftari huingia wakati wa kufunga na kuwekwa juu ya kabati. Asifanyie kazi kitandani, kwa kuwa shingo huinama na kitanda hupoteza kazi yake ya usingizi. Meza iwe na kimo cha sentimita 70 hadi 75. Kompyuta iinuliwe kwa vitabu vya sentimita 10 hadi 15 na kibodi ya pembeni itumike, ili ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 mbali kwa sekunde 20. Miguu ikining'inia, weka ubao chini. Dirisha liwe ubavuni. Chini ya paa la mabati, misimu ya mvua ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hufanya spika za kompyuta zisifae kitu. Vifaa vya masikioni vyenye maikrofoni iliyo karibu na mdomo vinaokoa mkutano usiahirishwe hadi usiku.

Tumeacha waajiri mwisho, ingawa wao ndio wenye uwezo mkubwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa juma kuwa kikomo cha kawaida. Kwa makubaliano zinaweza kuongezwa, lakini si zaidi ya saa 10 kwa siku wala 56 kwa juma. Saa ya ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya saa ya kawaida, na mara mbili siku ya sikukuu ya umma. Baada ya siku 6 mfululizo mfanyakazi hupata saa 24 za mapumziko zisizokatwa, na kwa kila miezi minne ya utumishi hupata siku 7 za likizo yenye malipo. Kuhamisha meza kutoka ofisini hadi sebuleni hakumtoi mtu kwenye mkataba wake wa ajira. Basi tuhesabu. Anayefanya saa 8 kwa siku 6 amekwisha kuzijaza 48. Akiongeza saa 2 kila usiku "kumalizia", amefika 60, na sheria imevunjwa. Kwa mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi, saa moja ni karibu shilingi 4,327, na ya ziada ni 6,490. Saa 12 za juma moja ni karibu shilingi 78,000 ambazo mwajiri huzipokea bila kuzilipa. Kuhusu mwili, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha mwaka 2021 makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na la asilimia 17 la kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, kulinganisha na saa 35 hadi 40. Wabunge watakaoifungua tena sheria hii watazame kile kikomo cha 56.

Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutojibu ujumbe nje ya saa za kazi. Hapa kwetu ukurasa mmoja uliotiwa saini unatosha kuanzia, na uwe na mambo haya: saa ya kuanza na ya kufunga, kwamba ujumbe uliotumwa baada ya kufunga hujibiwa asubuhi, dharura ni nini, ikitajwa kwa mifano (mfumo wa malipo umesimama, mteja hawezi kuingia kwenye akaunti yake), na kwamba dharura hupigiwa simu, haiandikwi kwenye kundi, nani hulipia data na umeme, na kwamba likizo yaweza kuchukuliwa siku mojamoja, maana mazishi hayangoji mwisho wa mwaka. Mameneja wengi huogopa kwamba wasipoona taa ya kijani ya mtu mtandaoni, hafanyi kazi. Wampe kazi yenye siku ya kukabidhi na kipimo cha ubora, waache kuhesabu taa.

Mfanyakazi ambaye mwajiri wake anakataa kuzungumza anaweza kwenda kwa afisa wa kazi wa wilaya yake. Aende na mkataba, hati za mshahara za miezi ya karibuni, nakala za ujumbe uliotumwa usiku zikionyesha tarehe na saa, na daftari alimoandika kila siku saa aliyoanza, aliyopumzika na aliyofunga. Daftari liandikwe siku ileile. Lililojazwa kwa mkupuo mwisho wa mwezi hutambulika kwa rangi moja ya wino na saa zinazofanana, na mwanasheria wa mwajiri hulikataa kwa urahisi.

Wahasibu na wafasiri wanaofanyia kazi nyumbani,
Wakiso